Umebadili chupa, sumu ni ileile: Kwa nini funza hafi?

Umepiga dawa mara mbili, ukabadili chupa, na funza bado anatoboa. Kabla hujasema umeuziwa feki, jua hili: dawa inaweza kuwa halali kabisa, ila funza ndiye sugu.

Ni mdudu gani?

Anaitwa funza wa vitumba. Wakulima wa pamba Kanda ya Ziwa wanamjua vizuri, maana hutoboa vitumba kabla pamba haijapasuka. Kilwa na Lindi siku hizi tunasikika zaidi kwa korosho, ufuta na mbaazi, lakini hatujapona. Funza huyuhuyu anakula maganda ya mbaazi na matunda ya nyanya.

Anaishindaje dawa?

Wengi husema "wadudu wamezoea dawa". Sivyo hasa. Kati ya maelfu ya funza shambani, wachache huzaliwa na uwezo wa kuivunja sumu mwilini kabla haijawaua. Ukipiga dawa, wenzao wanakufa, wao wanabaki na kuzaana.

Nondo jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Kwenye joto, yai linakuwa nondo kwa muda wa kama mwezi mmoja tu. Kwa hiyo kila ukirudia sumu ileile, unawaachia shamba wale wagumu.

Yameshatokea kwingine. Australia ilianza kutumia dawa za jamii ya pairethroidi kwenye pamba mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia 1983, funza sugu walishaonekana Emerald, jimbo la Queensland. Afrika Magharibi nayo ilikumbwa na tatizo hilo miaka ya 1990.

Soma maandishi madogo

Jina kubwa kwenye chupa ni la biashara tu. Tafuta kiambata hai, yaani sumu yenyewe. Cypermethrin, deltamethrin na lambda-cyhalothrin zote zinaishia na "thrin": ni ndugu wa jamii moja. Ukitoka moja kwenda nyingine, umebadili chupa tu. Funza anayeishinda moja mara nyingi anazishinda na nyingine.

Ufanye nini?

- Kagua shamba mara kwa mara. Piga dawa funza wakiwa wadogo. Wakishaingia ndani ya ganda, dawa haiwafikii vizuri.
- Fuata kipimo cha kwenye lebo. Usipunguze ili dawa itoshe, wala usichanganye dawa kienyeji.
- Dawa ikigoma, usiongeze dozi. Muulize bwana shamba dawa ya jamii tofauti, iliyosajiliwa na TPHPA kwa zao lako.
- Usipige dawa kwa ratiba tu. Sumu inaua pia nyigu na buibui wanaokusaidia kuwapunguza funza.

Ukienda tena duka la pembejeo, usiulize "ipi kali?" Uliza: "Hii ni jamii gani?" Swali hilo linaweza kukuokolea hela ya chupa ya tatu.