Oili Ikidondoka Chini ya Gari



Pamba na karafuu zinalingana kwa jambo moja: zote mbili hushika mafuta upesi, na zikiisha kushika haziachi. Mkulima wa Bariadi aliyechuma pamba yake kwa mikono miwili, akaipakia katika lori lenye oili sakafuni, huenda pamba iliyotoka nyumbani safi ikahesabiwa fifi, na fifi ina bei yake. Kwetu Pemba hasara ni kubwa zaidi, maana harufu ya karafuu ndiyo thamani yake. Gunia lililolala usiku mmoja juu ya doa la dizeli halirudi kuwa lilivyokuwa, hata uzianike upya siku tatu.

Mwezi wa Agosti 2019 nilikwenda Maonesho ya Nane Nane, ambayo mwaka ule kitaifa yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, katika mkoa wa Simiyu. Yalipokwisha nilipata nafasi ya kupanda lori la pamba kutoka vijiji vya Itilima. Barabara kuu ya huko, itokayo Lamadi ikapita Bariadi na Maswa, ina lami. Lakini pamba hutoka vijijini, na huko ni vumbi na mawe. Jiwe moja likirushwa na gurudumu laweza kulitoboa sampu, yaani lile bakuli la oili lililo chini kabisa ya injini. Dereva wetu, mzee wa Kisukuma, kila jioni aliegesha lori mahali tambarare, akatandika chini yake kiroba cheupe kilichofuliwa, akakizuia kwa mawe. Alfajiri, kabla ya kutia moto, alikivuta akakisoma kama karani asomavyo daftari. Fundi hakuitwa mpaka yeye mwenyewe ajue ni kitu gani kilichodondoka, na kimedondoka wapi.

Jambo hili twaweza kulifanya sote. Kiroba kipo, au boksi kuukuu lililopasuliwa. Tia alama mahali magurudumu yalipo, ili asubuhi ujue tone liko chini ya sehemu gani. Kisha tazama rangi, gusa kwa kidole, unuse. Usionje.

Maji matupu, yasiyo rangi wala harufu, upande wa mbele, mara nyingi ni ya kiyoyozi, nayo hayana neno. Maji ya kijani au mekundu mepesi, yanayonata kidogo na kunukia utamu, ni ya rejeta. Hayo ni sumu. Yafute mbuzi na watoto wasiyafikie, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ingali moto, maana mvuke wake huchoma uso. Mafuta mekundu ni ya steringi au ya gia za otomatiki. Mafuta mazito yenye harufu kali kama kiberiti ni ya giaboksi ukiyaona katikati, na ya difu ukiyaona nyuma. Oili ya injini ni kahawia au nyeusi. Hapa niseme kidogo, kwani wako mafundi wanaowatia watu khofu: oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa, na weusi huo peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni ukichomoa dipstiki ukakuta oili ya rangi ya chai ya maziwa. Maji yamekwisha ingia ndani. Usiliwashe gari hilo.

Lililo baya kuliko yote ni tone dogo, jepesi, jeupe au la manjano, lililo upande wa ndani wa gurudumu. Hayo ni mafuta ya breki. Mwenye gari hudharau kwa sababu ni kidogo, naye anateremka vilima vyetu na magunia nyuma na wachumaji juu ya magunia. Gari la namna hiyo halingoji msimu uishe. Lisimame siku hiyo hiyo, na fundi aje lilipo.

Kubadilisha oili ni kazi ya saa moja. Washa injini dakika chache oili ipate joto itiririke, kisha izime. Gari liwe mahali sawa, breki ya mkono imevutwa, magogo yamewekwa kwenye magurudumu. Jeki ni ya kuinulia tu; mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, bali aweke stendi za chuma. Weka beseni, fungua boliti ya sampu, uache oili ishuke mpaka iwe tone moja moja. Washa ya boliti ibadilishwe, na boliti irudishwe kwa mkono kwanza, spana baadaye. Ukiilazimisha utaua meno yake, na hapo ndipo kuvuja kunapoanza.

Ukitoa filta, hakikisha mpira wake wa zamani haukubaki umeganda kwenye injini, kwani mipira miwili ikikutana oili yote hutoka. Paka mpira mpya oili kidogo, kaza kwa mkono tu. Mimina oili ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari, pungufu kidogo ya kipimo, washa, ungoje taa nyekundu ya oili izimike, uchungulie chini. Kisha zima, ungoje dakika kumi, upime, uongeze. Kuzidisha kipimo nako ni kuharibu. Kwa oili ya kawaida wengi hushika kilomita 5,000. Mwenye kubeba mizigo katika njia za vumbi afuate muda mfupi zaidi ambao kitabu humwekea.

Oili chafu isimwagwe shambani wala karibu na kisima. Itiwe katika dumu lenye kifuniko, ipelekwe gereji inayoikusanya, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa karafuu.

Beseni, faneli na stendi mbili ziko ofisini kwa mwanachama atakaye kuazima. Zirudishwe siku ya pili, nazo zimefutwa.

Katibu