Daftari la Programu ya Hesabu

Chama kinunuapo programu ya hesabu iliyokwisha tengenezwa, hununua haki ya kuitumia tu. Mtengenezaji ndiye aamuaye lini ataibadili na lini ataacha kuihudumia. Microsoft, kwa mfano, ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025.

Kilicho mali ya chama ni ujuzi wa namna programu ilivyopangwa kwa kazi zake: mafungu ya hesabu, makato ya pembejeo, bei ya kila daraja la zao. Ujuzi huo ukikaa kichwani mwa karani mmoja, siku aondokapo malipo ya wakulima yaweza kukwama, au makato yakakosewa pasipo mtu kujua sababu.

Kwa hiyo yafaa kila chama kiwe na daftari. Humo yaandikwe toleo la programu, kila badiliko na tarehe yake, aliyelifanya na sababu yake, pamoja na hitilafu zilizotokea na jinsi zilivyoondolewa. Sababu isiachwe kamwe: toleo jipya liingizwapo, mipango ya zamani huenda ikafutika, na mwenye kuirudisha hana budi kujua iliwekwa kwa nini.

Nywila zisiandikwe daftarini. Zihifadhiwe kasikini katika bahasha iliyofungwa. Makarani wawili wafundishwe kazi hiyo, na Bodi ilikague daftari kabla ya kila msimu wa ununuzi.