Kompyuta ya Injini Inapokataa Kusomwa: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipia Nyingine

Mlaji anayepeleka gari gereji kwa sababu taa ya injini imewaka kwenye dashibodi hutarajia fundi achomeke mashine yake, asome msimbo wa hitilafu, kisha amweleze tatizo. Mara nyingine kazi hukwama hapo mwanzoni kabisa. Kompyuta mpakato ya fundi huonyesha ujumbe kwamba imeshindwa kuwasiliana na gari, na baada ya muda mfupi mwenye gari huambiwa kwamba kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontroo boksi, imekufa na inahitajika nyingine. Kauli hiyo inaweza kuwa kweli. Hata hivyo, mashine kushindwa kusoma gari hakuthibitishi lolote kuhusu hali ya kompyuta ya injini, na mlaji hapaswi kutoa fedha za kifaa kingine kwa ushahidi huo peke yake.

Swali la kwanza ni rahisi: je, gari linawaka? Katika gari la petroli lenye mfumo wa kunyunyiza mafuta kwa umeme, yaani karibu magari yote madogo yanayoingia nchini kutoka Japani, kompyuta hiyo ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na kila plagi itoe cheche lini. Ikifa kabisa, injini haiwaki. Kwa hiyo gari lililofika gereji kwa kuendeshwa limefika likiwa na kompyuta inayofanya kazi. Kilichoharibika huenda ni njia ya mawasiliano tu. Yapo matukio ambapo sehemu ndogo ya kompyuta inayoshughulikia mawasiliano huungua huku sehemu nyingine zikiendelea na kazi, lakini matukio hayo ni nadra, na hitimisho hilo lifikiwe baada ya mengine yote kukaguliwa.

Safari ya swali moja

Fundi anapoiamuru mashine isome gari, swali hutoka kwenye programu, hupitia programu kiendeshi iliyomo ndani ya kompyuta mpakato, hutoka katika mlango wa USB au kwa Bluetooth, huingia kwenye kebo au adapta, hufika kwenye soketi yenye pini 16 iliyo chini ya usukani, kisha husafiri kwa waya hadi kwenye kompyuta ya injini. Jibu hurudi kwa njia hiyohiyo. Kiungo chochote kikikatika, mara nyingi ujumbe kwenye skrini huwa uleule. Skrini haijui kama tatizo ni fyuzi iliyokatika, kebo bandia au kompyuta iliyoungua.

Ndiyo maana jaribio lenye manufaa makubwa kuliko yote ni kubadilishana. Mashine ileile ichomekwe kwenye gari jingine, ikiwezekana la aina na mwaka unaokaribiana na wa gari lako. Ikishindwa huko pia, tatizo liko upande wa mashine. Ikisoma vizuri, mashine nyingine iletwe ijaribiwe kwenye gari lako. Jaribio hili halihitaji spea yoyote, na gereji yenye magari mawili uani inaweza kulifanya kwa dakika chache. Omba lifanyike ukiwepo.

Yasiyogharimu kitu

Kompyuta ya injini haijibu ikiwa haina umeme, na katika magari mengi haipati umeme wake wote mpaka swichi iwe imewashwa. Ufunguo uzungushwe hadi taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Katika magari mengi ya kubonyeza kitufe, dereva hubonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. Kosa la kuacha swichi katika hatua ya redio tu ni la kawaida hata kwa watu wazoefu.

Swichi ikiwa imewashwa, tazama taa ya injini. Inapaswa kuwaka kabla ya injini kuwashwa, kisha izimike injini inapoanza kunguruma. Isipowaka kabisa, huenda kompyuta haipati umeme, au balbu imeungua. (Anayenunua gari lililotumika naye akague jambo hilo, kwani taa isiyowaka hata mara moja huenda iliondolewa kwa makusudi ili kuficha hitilafu.) Betri nayo ipimwe. Betri iliyojaa na iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6. Ikishuka chini ya 12, vifaa vya umeme huanza kutenda kwa namna isiyotabirika, na mawasiliano na mashine yanaweza kukatika katikati.

Baada ya hapo, fyuzi. Soketi ya uchunguzi ina fyuzi yake, na katika magari ya baadhi ya watengenezaji fyuzi hiyo ndiyo pia inayolinda tundu la kuwashia sigara, ambalo siku hizi hutumika kuchajia simu. Chaja mbovu inaweza kukata fyuzi hiyo. Gari huendelea kutembea kama kawaida na hakuna anayegundua, mpaka siku mashine inapochomekwa nayo haipati hata taa ya kuwaka. Adapta isiyoonyesha taa yoyote baada ya kuchomekwa ni ishara nzuri ya kuanzia hapo. Katika magari mengi ya Toyota, fyuzi za kuangalia zimeandikwa OBD, ECU-B na EFI. Fyuzi ni kitu cha bei ndogo sana. Ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile, wala isibadilishwe kwa kubwa zaidi au kwa kipande cha waya.

Soketi yenyewe

Fundi mwenye multimita anaweza kuipima soketi bila kufungua kitu. Kati ya pini ya 16 na ya 4 panapaswa kusomeka volti sawa na za betri. Pini ya 4 ni ethi ya bodi na ya 5 ni ethi ya mawasiliano. Ethi ikiwa legevu au imeshika kutu, mawasiliano hufa ingawa umeme unaonekana upo. Pini zilizopinda au kuzama ndani, kwa sababu ya kuchomekwa kwa nguvu miaka mingi, nazo huleta tatizo hilohilo.

Magari mengi ya miaka ya karibuni hutumia njia ya mawasiliano iitwayo CAN, inayopita katika pini za 6 na 14. Betri ikiwa imetolewa, ukinzani kati ya pini hizo mbili kwa kawaida ni takriban omu 60, kwa kuwa kuna vizuizi viwili vya omu 120, kimoja katika kila mwisho wa njia. Ukisomeka 120, kizuizi kimoja hakifikiki, yaani waya umekatika mahali. Ukisomeka karibu na sifuri, waya mbili zimegusana. Baadhi ya magari mapya yana kisanduku cha kati kinachotenganisha soketi na njia kuu, hivyo kipimo chake ni tofauti. Kwa mengi yaliyo barabarani kipimo hiki kinatosha kumwonyesha fundi aelekee wapi, na ni haki yako kuuliza kilisomeka kiasi gani.

Kipo pia chanzo ambacho hakikutoka kiwandani na gari. Redio mpya, kengele ya wizi au kifaa cha kufuatilia gari kwa GPS, vikiunganishwa vibaya kwenye waya za mawasiliano, vinaweza kuzuia kila jibu. Kifaa hicho kikichomolewa na mashine ikasoma, mhusika amepatikana. Ikiwa kilifungwa na mkopeshaji wako, mjulishe kabla ya kukigusa, kwa sababu mkataba wa mkopo unaweza kukataza.

Upande wa kompyuta mpakato

Walaji wengi sasa hujinunulia kebo au adapta ya bei nafuu ili wasome magari yao wenyewe. Ni uamuzi mzuri, ila mwenye nayo ajue kwamba mara nyingi tatizo huwa kwenye kifaa hicho. Kebo ya USB huhitaji programu kiendeshi inayolingana na mfumo wa kompyuta. Baadhi ya kebo huuzwa na diski yenye kiendeshi kilichoandikiwa Windows ya biti 32, ilhali kompyuta nyingi za sasa ni za biti 64. Fungua orodha ya vifaa vya kompyuta: kebo ikionekana na alama ya njano ya tahadhari, au isipoonekana kabisa, gari bado halijahusika katika mgogoro huo. Ikionekana vizuri, angalia imepewa namba gani ya mlango wa COM, kisha uhakikishe programu ya kusomea imeelekezwa kwenye namba hiyohiyo.

Vifaa bandia ni mtego wa pekee. Mwaka 2014 kampuni ya FTDI, inayotengeneza chipu zinazotumika katika kebo nyingi za aina hii, ilitoa kiendeshi kilichozifanya chipu bandia za jina lake zisitambulike tena na kompyuta. Kiendeshi hicho kiliwafikia watu kupitia masasisho ya kawaida ya Windows, hivyo kebo iliyofanya kazi jana ikaacha kufanya kazi leo, na mwenye nayo hakujua kwamba aliuziwa kitu bandia. Adapta za Bluetooth zinazouzwa kwa jina la ELM327 nazo huigwa sana. Nyingi za kuigwa hudai kuzungumza lugha zote za magari, lakini hushindwa na baadhi yake. Adapta hizo lazima kwanza ziunganishwe na kompyuta au simu katika mipangilio ya Bluetooth, kwa namba ya siri ambayo aghalabu ni 1234 au 0000, ndipo programu ya kusomea ifunguliwe.

Muuzaji akikupa programu ya kunakili na kukuelekeza uzime kinga ya virusi ili ikubali kufunguka, kataa. Kompyuta hiyo huenda ndiyo unayotumia kwa huduma za benki.

Gari la soko la Japani

Kwa wamiliki wa magari yaliyotumika kutoka Japani, huenda jibu liko hapa. Marekani ililazimisha kiwango kimoja cha uchunguzi, OBD-II, kwa magari madogo kuanzia toleo la mwaka 1996, na Ulaya ikaweka chake kwa magari ya petroli mwaka 2001. Programu na adapta nyingi za bei nafuu zimeandikwa kwa kufuata viwango hivyo. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 yana soketi ileile ya pini 16, lakini kompyuta zake hujibu kwa lugha ya mtengenezaji, wala si kwa maswali ya jumla. Soketi inalingana na lugha hailingani. Kompyuta nzima, isiyo na kasoro, inaweza kutuhumiwa kwamba imekufa kwa sababu tu imeulizwa kwa lugha isiyoielewa.

Gari la namna hiyo lisomwe kwa programu ya mtengenezaji au kwa mashine inayotambua magari ya Japani. Katika Techstream, programu ya Toyota, kuna mpangilio wa eneo la soko, na ukiachwa kwenye Amerika ya Kaskazini au Ulaya, gari la Japani linaweza lisipatikane kwenye orodha au lisijibu. Muulize fundi amechagua soko lipi.

Ikiwa bado inaonekana ni kompyuta

Gari lisipowaka, taa ya injini isipowaka na mashine isiposoma, shaka juu ya kompyuta inakuwa na msingi. Hata hapo, fundi athibitishe kwanza kwamba umeme na ethi vinafika kwenye plagi ya kompyuta yenyewe, na kwamba relei inayoilisha inafanya kazi. Kihisi kimoja kilichopiga shoti kinaweza pia kuvuta chini umeme wa volti 5 ambao kompyuta hugawia vihisi vyote, na katika baadhi ya magari hali hiyo huikatiza mawasiliano. Fundi makini huchomoa vihisi kimoja baada ya kingine huku akitazama kama mawasiliano yanarudi. Kihisi kwa kawaida ni nafuu kuliko kompyuta.

Ukikubali kubadilisha, fahamu kwamba kompyuta iliyotolewa kwenye gari jingine haiwi tayari kwa lako kwa kufanana umbo tu. Namba ya sehemu iliyoandikwa juu yake ilingane na ya zamani. Gari likiwa na ulinzi wa ufunguo wenye chipu, kompyuta ya mtumba haitautambua ufunguo wako mpaka ioanishwe nao, na gari lililokuwa likitembea linaweza kugoma kuwaka kabisa. Gharama ya kuioanisha iingizwe katika makubaliano tangu mwanzo, pamoja na jibu la maandishi kwa swali hili: tatizo la awali likibaki baada ya kompyuta kubadilishwa, nani atabeba gharama?

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kulaghai katika biashara, na malalamiko ya walaji hupokelewa na Tume ya Ushindani. Lakini lalamiko huhitaji ushahidi. Dai makadirio ya maandishi yanayotaja vipimo vilivyofanyika na matokeo yake, risiti ya EFD, na picha ya ujumbe uliotokea kwenye skrini. Zaidi ya yote, ondoka na kompyuta yako ya zamani. Ikiwa mikononi mwako, fundi mwingine anaweza kuirudisha kwenye gari au kuipima kwenye meza na kusema kama kweli ilikuwa mbovu. Ikibaki gereji, kitu pekee kilichoweza kuthibitisha dai lako kinaweza kuuzwa kwa mteja mwingine kama spea.