Malori ya Magogo Yamekwenda Wapi?

Sogeeni, wanangu, kaeni jamvini. Mmoja wenu ameniuliza: "Mjomba, mnasema zamani malori ya magogo yalipita Kilwa usiku na mchana. Siku hizi yako wapi?" Swali zuri hilo! Wakubwa wengi hawaliulizi. Nitamwachia mpingo mmoja wa msitu wa kijiji cha Kikole ajibu, maana yeye alikuwapo.

"Mimi sina haraka," asema mpingo. "Mpaka nifae kukatwa, napita miaka 70 na zaidi. Moyo wangu mweusi, na ukinitupa majini nazama. Wamakonde wananichonga vinyago. Ulaya wananitumia kutengenezea klarineti, zumari zao hizo. Jirani zangu ni mninga na mkongo, wa milango na vitanda.

"Zamani mto Rufiji ulitulinda. Lori likifika kivukoni Ndundu lilingoja pantoni. Masika yakishika, barabara ilikuwa haipitiki. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, urefu wake karibu kilomita moja. Mgonjwa akawahi hospitali Dar es Salaam. Samaki wakawahi soko. Msumeno nao ukawahi kwetu! Mninga akaanguka, gogo likapanda lori, lori likaondoka. Mkongo akaanguka, gogo likapanda lori, lori likaondoka. Magogo mengine yakavuka bahari hadi China."

"Mjomba, je, vijiji havikupata fedha?"

Kidogo mno. Chukueni mfano wa chungu cha wali. Mama amepika, wageni wakapakua kwanza, watoto wa nyumba wakaachiwa ukoko. Na serikali je? Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, lilitoa ripoti: katika kila shilingi 100 za ushuru wa magogo zilizostahili kukusanywa, zilizopotea zilifika hadi 96. Huo si ukoko tena, ni masizi!

"Halafu miti ikaisha?"

Haikuisha yote. Ile minene iliyo karibu na barabara ndiyo iliyotangulia. Wafanyabiashara wakahama. Wapasua mbao wengine wakarudi kulima ufuta. Ufuta nao, wanangu, una mambo yake: unapenda shamba jipya, na shamba jipya hupatikana kwa kufyeka msitu.

"Kwani msitu ni wa nani?"

Hapo umeuliza, mwanangu! Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuuza miti yake chenyewe. Kikole wakatenga, wakisaidiwa na shirika la kuhifadhi mpingo lililopo Kilwa Masoko. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vikapata hati ya FSC, inayothibitisha kwamba msitu unavunwa bila kuharibiwa, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji. Wanakijiji wa Nanjirinji nao wakauza magogo, wakajenga madarasa. Sasa mti hupimwa kwanza. Mwembamba huachwa.

"Basi mbona malori hayajarudi kwa wingi?"

Kwa sababu gogo la halali hulipiwa kila kitu: kibali, ushuru, nyundo ya kuligonga alama. La wizi halilipiwi chochote, kwa hiyo huuzwa rahisi. Mnunuzi akiona bei mbili, miguu humpeleka kwa mwizi. Hilo linaniudhi kuliko msumeno wenyewe.

"Mjomba, nani anaamua msitu uvunwe vipi?"

Kamati ya maliasili huandaa mpango, mkutano mkuu wa kijiji huupitisha au huukataa. Mkutano ukiitishwa, nendeni mkasikilize. Kaeni nyuma tu.