Usimwinue kwanza! Uzi laini mgongoni unaoamua kama msee atatembea tena

UMEIONA hii sinema mara nyingi. Boda imekwaruzana na probox, abiria yuko chini kwenye lami. Kabla hujafunga mdomo, wasee ishirini wameshafika. Mmoja anavuta mkono, mwingine mguu, wa tatu anapiga kelele: “Mwinueni apate hewa!” Dakika mbili baadaye, majeruhi amekunjwa kama gunia la viazi kwenye kiti cha nyuma cha gari na safari ya hospitali imeanza.

Nia ni nzuri. Wakenya hatuna mchezo linapofika suala la kusaidia mtu barabarani. Shida ni kwamba ndani ya mgongo wa huyo msee kuna kitu ambacho mikono yetu inaweza kukimaliza, hata kama ajali yenyewe ilikiacha kizima.

Barabara kuu ya mwili

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4 na seli za neva zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Hayo ndiyo makao makuu. Lakini amri za makao makuu ni bure kama hazifiki mashinani.

Wengi wetu tukisema “uti wa mgongo” tunamaanisha mifupa pamoja na kilichomo ndani yake, ilhali hivyo ni vitu viwili. Mifupa unayoihisi ukipapasa mgongo inaitwa pingili. Ndani ya tundu la pingili hizo inapita kamba laini ya neva, ugwe mgongo, inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima, kamba hiyo ina urefu wa kama sentimita 45, na unene wake haupiti sana ule wa kidole chako cha mwisho. Kutoka humo huchipuka jozi 31 za neva zinazoenda mikononi, kifuani, tumboni na miguuni.

Kila unapobonyeza simu, ujumbe umepita hapo. Unasafiri kama umeme, chembe za sodiamu na potasiamu zikiingia na kutoka kwenye kuta za seli. Nyuzi nene zilizofunikwa kwa tabaka la mafuta linaloitwa miyelini husafirisha ujumbe kwa kasi ya hadi mita 120 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Hakuna nganya ya Rongai inayofika hapo, hata dereva akiwa na haraka gani.

Nyuzi nyembamba zisizo na mafuta hayo hujikokota, kama mita moja tu kwa sekunde. Ndiyo maana ukigonga kidole cha mguu kwenye kitanda, kwanza unahisi ule mgongano, halafu kuna kamuda kadogo ambapo unajua kabisa uchungu uko njiani. Kisha unafika.

Na si kila jambo husubiri makao makuu. Ukigusa sufuria moto, ugwe mgongo wenyewe hutoa amri mkono uondoke. Ubongo hupata habari baadaye, wakati tayari umeshasema “woi!”

Ikikatika, nini kinazima?

Inategemea imeumia wapi. Neva ya tatu, ya nne na ya tano za shingo ndizo huendesha kiwambo, ule msuli mkubwa chini ya mapafu unaotuwezesha kuvuta pumzi. Kamba ikikatika kabisa juu ya hapo, mtu hawezi kupumua bila mashine. Ikikatika chini kidogo, shingoni, mikono na miguu huathirika. Ikiwa ni kifuani, mikono inabaki sawa lakini miguu inazima.

Kuna jambo lingine ambalo watu hulinong’ona tu. Neva za kibofu, choo na mambo ya chumbani hutoka karibu na mwisho wa kamba. Ujumbe wake lazima upite njia nzima, kwa hivyo jeraha lolote hapo juu linaweza kuyavuruga.

Neva ya mkono ikikatwa na kushonwa, inaweza kuota tena polepole, takriban milimita moja kwa siku. Ndani ya ubongo na ugwe mgongo mambo si hivyo. Nyuzi zilizokatika huko haziungani tena, na kufikia sasa hakuna tembe wala upasuaji wa kuzirudisha zilivyokuwa.

Sasa sikiza vizuri. Pingili kuvunjika si lazima kamba ikatike. Mfupa unaweza kupasuka au kuteleza na kamba ikabaki nzima. Mtu kama huyo bado anaweza kusogeza vidole vya miguu akiwa amelala pale lami. Halafu anatokea msamaria mwema, anamkalisha, shingo inakunjika, na mfupa uliovunjika unabana kamba. Dakika moja iliyopita alikuwa mgonjwa wa mfupa. Sasa huenda ni mgonjwa wa kiti cha magurudumu.

Ufanye nini?

Zuia magari kwanza, usije ukawa majeruhi wa pili. Piga 999 au 112, ama 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Kama anapumua na hakuna hatari, mwache alivyolala. Usimkalishe, usimpe maji. Piga magoti karibu na kichwa, kishike kwa mikono miwili kisitikisike, na umwongeleshe. Mwambie asigeuze shingo. Helmeti usiivue, ila ikimzuia kupumua. Akivuja damu, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi.

Kama hapumui, ama moto unamkaribia, uhai kwanza: msogeze. Lakini asogezwe kama gogo, kichwa, shingo na mgongo vikienda pamoja. Mnataka watu wanne au watano, na anayeshika kichwa ndiye anayehesabu “moja, mbili, tatu.”

Najua utasema: ambulensi itafika lini? Kweli, mahali pengi inakawia, na wakati ni muhimu kwa sababu uvimbe huendelea kuharibu seli saa kadhaa baada ya ajali. Ikibidi mtumie gari lililopo, tafuteni pikapu na ubao ama mlango, alazwe chali akiwa amenyooka. Asikunjwe kwenye kiti.

Maisha hayaishii hapo

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha la ugwe mgongo. Hapa kwetu, Nairobi ina hospitali ya kitaifa ya rufaa ya majeraha haya.

Zamani, wengi waliopata jeraha hili walikufa kwa vidonda vya kitandani na maambukizi ya mkojo. Daktari Ludwig Guttmann, aliyetoroka Ujerumani ya Wanazi, alianza kuwatibu wanajeshi kule Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka wa 1944. Aliagiza wageuzwe kitandani kila baada ya saa chache, na akawaingiza kwenye michezo. Mwaka wa 1948, watu 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa Paralimpiki.

Kwa hivyo aliyeumia anaweza kuishi vizuri. Lakini hakuna anayestahili kupoteza miguu kwa sababu watu walikuwa na haraka ya kumsaidia.

Siku utakapokuta umati umezingira mtu chini, sauti nyingi zitasema ainuliwe. Inatosha mmoja tu aseme, “Wasee, ngojeni kwanza.” Kuwa huyo.