Nyayo Zilizodhaniwa za Dubu

Mwaka 1976, watafiti wa kundi la mwanaakiolojia Mary Leakey walikuta nyayo tano zikifuatana kwenye jivu la volkeno lililogeuka mwamba huko Laetoli, Ngorongoro, magharibi ya Mlima Oldeani. Zilikuwa fupi na pana, na mguu mmoja umevuka mbele ya mwingine. Mwaka 1978 ikapatikana hapo hapo Laetoli ile njia mashuhuri ya nyayo za zamadamu, yenye umri wa takriban miaka milioni 3.66. Zile tano hazikufanana nayo. Katika miaka ya 1980 mtaalamu Russell Tuttle akatoa wazo kwamba huenda ni za dubu aliyesimama kwa miguu miwili. Kwa miongo kadhaa wengi hawakuzishughulikia tena.

Mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, Sokrates, angelitambua kosa hilo la kudhani tumeshajua. Katika kitabu cha Plato, Utetezi, anasimulia kuwa kauli ya hekalu la Delphi ilisema hakuna aliyemzidi hekima. Akiichunguza, aliwahoji wanasiasa, washairi na mafundi. Mafundi waliijua kweli kazi yao, lakini ujuzi huo uliwafanya wajione wajuzi wa mambo makubwa wasiyoyajua. Yeye aliwazidi kwa jambo moja: asichokijua, hakudhani anakijua.

Basi hekima ni kujua maarifa yako yanaishia wapi. Lakini kukiri kutojua si kunyoosha mikono, wala si kusema kila mtu ana ukweli wake. Ni kuanza kazi. Mwaka 2019 watafiti, akiwamo Mtanzania Charles Musiba, walizifukua upya nyayo zile. Wenzake waliwarekodi dubu weusi Marekani kwa zaidi ya saa 50, wakaona ni nadra mno watembee kwa miguu miwili. Tena, katika maelfu ya visukuku vya Laetoli hakuna cha dubu. Desemba 2021, katika jarida la Nature, wakahitimisha kuwa ni nyayo za zamadamu, aliyetembea tofauti na wale wa njia ya 1978. Jina la spishi hawakumpa. Walisema kile tu ambacho ushahidi uliweza kubeba.

Kupima tunachoamini si kazi ya wanasayansi pekee. Mwanafalsafa wa Kenya, Henry Odera Oruka, aliyewahoji wazee wenye hekima vijijini, alimtofautisha mzee anayezihifadhi mila za watu wake na yule anayezipima kwa akili yake, hata kuzikosoa. Wote wanaheshimika, ila wa pili ndiye Oruka aliyemwita mwanafalsafa.

Kipimo hicho cha kujua maarifa yanaishia wapi kinatufaa hata shambani. Mkulima wa kahawa wa Oldeani akimwonyesha bwana shamba ugonjwa mgeni, jibu la "sijui, tupeleke majani yakapimwe" linamfaa kuliko dawa ya kubahatisha, ambayo ataigharamia mkulima mwenyewe. Tuwaheshimu wataalamu, walimu na viongozi wanaotamka "sijui" hadharani, kisha tuwaulize wanafanya nini ili wajue.