Macho yakigeuka manjano, usingoje

Ami yangu alipogeuka manjano machoni, sisi nyumbani Kilifi tulimpa maji ya miwa na mwarobaini wiki tatu nzima. Hakuwa na maumivu, na hilo ndilo lililotudanganya. Usiku kucha alijikuna. Mkojo ukawa mweusi kama strungi, na choo kikapauka.

Tulipofika hospitali Mombasa, daktari alituchorea kwenye karatasi. Ini hutengeneza nyongo, nayo hupita kwenye mrija hadi utumbo mwembamba kusaidia kusaga mafuta. Kabla ya kufika, mrija huo hupita kwenye kichwa cha kongosho. Uvimbe ukiota hapo huubana, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Nyongo ikikosa njia huingia kwenye damu, ndipo macho hugeuka manjano.

Ultrasaundi, ileile wanayopimwa wajawazito, ilionyesha mirija ndani ya ini imetanuka. Skani ya CT ikaonyesha uvimbe wenyewe kwenye kongosho, tena umeshazingira mishipa mikubwa ya damu. Upasuaji wa kuuondoa haukuwezekana.

Kilichobaki ni kufungua njia. Ami alipewa dawa ya usingizi, mpira mwembamba wenye kamera ukapitishwa mdomoni hadi pale mrija wa nyongo unapoingia kwenye utumbo. Wakadunga dawa inayoonekana kwenye eksirei, wakapitisha waya, na juu ya waya wakaweka stenti, yaani kijibomba kinachoshikilia mrija uwe wazi. Njia hiyo ikishindikana, madaktari huweza kupitia kwenye ngozi ya ubavuni hadi ndani ya ini, wakiongozwa na ultrasaundi na eksirei.

Stenti haiponyi saratani. Lakini baada ya siku chache mwasho ulipungua, ami akalala, na asubuhi moja akaulizia samaki wa kupaka. Wagonjwa wengine pia hawawezi kuanza kemo mpaka nyongo ishuke kwenye damu.

Kosa letu la pili lilikuja baadaye. Stenti ya plastiki huelekea kuziba baada ya miezi 3 hivi na hubidi ibadilishwe. Ya chuma ni pana zaidi na hudumu zaidi, ila bei yake iko juu. Sisi hatukuuliza ya ami ilikuwa ipi. Mwezi wa tatu alishikwa na homa ya kutetemeka, tukadhani ni malaria, tukapoteza siku mbili. Kumbe stenti ilikuwa imeziba na nyongo imeingia maambukizi, ambayo huweza kuua upesi. Ilibadilishwa, tukakaa naye miezi mingine mitano.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiona macho ya manjano, nenda hospitali hata kama hakuna maumivu. Mgonjwa wako akiwekewa stenti, uliza ni ya aina gani na itabadilishwa lini, uandike tarehe ukutani. Na homa ikimshika, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.